Kumjibia Enelika

Asubuhi Enelika Nyalusi aliposhindwa kusema "Nipo," nilimsemea mimi, na Sikio la Mkoa likaridhika.

Haikuwa kazi ngumu. Nilisimama mstari wa nyuma paredini, nimejifunika blanketi hadi puani kama wenzangu wote, maana Ukwego ina baridi ya kumfanya hata mbuzi afikirie kuvaa soksi. Sikio likaanza kuita majina kwa ile sauti yake ya mtangazaji aliyekula akashiba. Lilipofika kwa Enelika, nafasi yake ilikuwa tupu. Nikabana pua kidogo, nikalegeza taya, nikalitoa neno. Taa ya juu ya mlingoti ikabaki kijani na majina yakaendelea. Lilipofika kwa Tulizo Mbwilo, ambaye ni mimi, nilijibu kwa sauti yangu mwenyewe, sauti ambayo sikuwahi kuiona ina umuhimu wowote.

Kwa faida ya umma ambao haukubahatika kusoma bweni, naomba nieleze kwamba kumjibia mwenzako jina ni huduma ya jamii. Mwenzako katoroka kwenda kununua maandazi, au kalala, au yuko nyuma ya bwalo analia kwa sababu zake. Mwalimu wa zamu anaita, wewe unajibu. Hakuna anayekufundisha na hakuna anayekushukuru. Mimi nilikuwa mjibiaji mkuu wa Shule ya Wasichana Ukwego, cheo ambacho kwa bahati mbaya hakikutangazwa kwenye mahafali. Niliweza kuwa wasichana watano bila kuhama mstari. Niliwahi kumjibia hata Madamu Luvanda, mwalimu wa nidhamu, kwenye kikao cha walimu, nikiwa nimechuchumaa chini ya dirisha. Kwa heshima hiyo nilikabidhiwa shimo la takataka nilichimbe muhula mzima.

Enzi hizo ukikamatwa unachimba shimo. Enzi za Sikio, ukikamatwa shimo linachimbwa na wengine.

*

Ugonjwa wenyewe tuliuita Kauka. Huanzia kwenye sauti. Siku kadhaa kabla ya homa, sauti hupata mchakacho mdogo ambao mtu wa kawaida hausikii, kama mchanga mwembamba chini ya mlango. Halafu sauti inakwisha, halafu inakuja homa, halafu kifua. Wakati mtu anatambua kwamba anaumwa, keshaongea na mtaa mzima.

Wauguzi, madereva na maofisa walipokufa hadi wakabaki wachache, Mkoa wetu wa Nyanda uliamua kwamba wananchi hawawezi tena kuaminiwa kueleza afya zao wenyewe, kwa kuwa walikuwa wakikohoa na kusema ni vumbi. Ndipo yakaletwa Masikio. Kila kata lilisimikwa moja, faneli jeusi juu ya mlingoti, mfano wa ua la boga lililogoma kuchanua. Kila asubuhi kila mtu huitwa, naye husema "Nipo." Sauti ikiwa safi, taa inakuwa kijani, na kijani ndicho huleta kila kitu: pampu ya maji inawashwa, lori la unga linakuja, muuguzi anabaki, lango linafunguka. Sauti moja ikichakacha, taa inakuwa njano. Lango hufungwa, hakuna anayeingia wala kutoka mpaka majuma mawili yapite, na mwenye mchakacho huchukuliwa kupelekwa Bondeni. Zikichakacha nyingi kwa pamoja, taa inakuwa nyekundu na kituo kinakunjwa. Ndivyo walivyosema, kinakunjwa, kama kitenge. Pampu inazimwa, muuguzi anaondoka, na watu wote wanapakiwa kwenda Bondeni, wazima kwa wagonjwa.

Kutoka Bondeni hakuna aliyewahi kurudi. Mkuu wetu wa shule alipelekwa masika yalipoanza, akatuaga kwa kupunga faili.

Na ukinyamaza ukiitwa? Asubuhi ya kwanza Sikio husubiri. Asubuhi ya pili linatuma askari kupekua mabweni.

Fundi aliyekuja kulisimika alituambia kwa majivuno kwamba halidanganyiki kwa rekodi. Linataka koo la mtu aliye hai. Tukamuuliza, je, mtu akiwa na mafua ya kawaida? Akasema mwanzoni lilikuwa kali mno, kata nzima zikakunjwa kwa ajili ya mafua, hivyo Mkoa ukaagiza lilegezwe. Siku hizi sauti ikifanana na ya mwenyewe kiasi cha kutosha, na isiwe na mchakacho, inapita. Aliyasema hayo mbele ya wasichana wa bweni, huku akifunga mkoba wake wa spana. Kwa kumwangalia tu ungejua alisoma shule ya kutwa.

*

Baada ya paredi Madamu Luvanda aliniita pembeni ya bwalo. Tangu mkuu wa shule aende, yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kituo. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye macho ambayo hayajawahi kupokea udhuru.

Akauliza Enelika yuko wapi. Nikasema alikuwa mstarini, Madamu, si umemsikia mwenyewe.

"Nilichokisikia ni wewe," akasema. "Enelika hulivuta neno mwishoni kama mtu anayeamshwa. Wewe umelikata kama unadai chenji."

Nikaanza kulifikiria shimo la takataka, na kama jembe bado lina mpini.

"Kesho ulivute," akasema, kisha akaondoka kwenda kukagua usafi wa vyoo.

Hivyo ndivyo Serikali, kwa maana ya Madamu Luvanda, ilivyojiunga na uhalifu.

Mchakacho wa Enelika niliusikia mimi usiku wa kuamkia paredi ile, nikamzuia kutoka. Tulimhamishia kwenye ghala la mahindi ambalo halikuwa na mahindi. Tukamtandikia magodoro mawili, tukaweka jiko la mkaa na sufuria ya maji ya kumfukizia. Nesi Mahenge, muuguzi wa zahanati ya shule, alikuja mara moja, akatazama, akasema hakuna alichokiona. Halafu, kama mtu anayejisemea, akaeleza asichokuwa anatueleza: apewe maji ya moto yenye chumvi na sukari, asilazwe chali, asiachwe peke yake homa inapopanda mara ya pili. Anayevuka homa ya pili hupona, na sauti ndiyo hurudi mwisho. Bondeni hawavuki, akasema, kwa sababu kule hakuna wa kuwapa maji. Akaongeza kwamba watoto wadogo Kauka haiwapi hata muda wa kupoteza sauti. Kwao hudondokea kifuani moja kwa moja.

Mimi na Enelika tulianza pamoja kidato cha kwanza. Tulipewa kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini mimi juu, na usiku wa kwanza nililia nikamwambia ni paka. Alilitangazia bweni zima kwamba nina paka. Sasa alilala pale amekonda, macho makubwa, akinong'ona kwa pumzi tupu ili ajue nilimjibiaje.

Nikamwonyesha. Akafumba macho kwa uchungu.

"Tuli," akanong'ona, "mimi nina sauti ya mbuzi?"

Nikamwambia Sikio limeipenda. Akasema basi Sikio halina masikio. Akacheka bila mlio, kifua kikimpanda na kushuka, na nilimshika mabega mpaka kikatulia.

*

Kabla Enelika hajavuka homa ya kwanza walianguka Jeska na Fidea, wa kidato cha tano. Nikawa nasema "Nipo" mara nne kila asubuhi: Enelika wa kuvuta, Fidea wa haraka haraka, Jeska wa kupandisha kama anauliza, halafu mimi. Wasichana wengine walijua. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Wizi wa sabuni tungeripoti, lakini kumjibia mtu hakuripotiwi.

Fidea hakuvuka homa ya pili. Tulimzika nyuma ya bustani ya kabichi, Madamu akasoma sala kwa sauti ya chini ili isifike kwenye mlingoti. Asubuhi yake Sikio likamwita. Nilimtazama Madamu, naye akatazama kabichi. Kama Fidea asingejibu, kesho yake wangekuja kupekua, na ghalani wangewakuta Enelika na Jeska. Basi marehemu akasema "Nipo," haraka haraka, kama kawaida yake.

Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba alipita bila tatizo lolote.

Juma lililofuata kipaza cha mlingoti kilitusomea pongezi. Kati ya vituo vyote vya Mkoa wa Nyanda, Ukwego ndicho chenye sauti safi kuliko vingine. Wasichana wakapiga makofi, maana shuleni unapopongezwa unapiga makofi. Pongezi ziliambatana na uamuzi. Kwa kuwa Ukwego haina mgonjwa, haihitaji muuguzi, na Nesi Mahenge pamoja na dawa zake wangehamishiwa penye uhitaji zaidi.

Alipanda gari mchana huohuo. Alimwachia Madamu kipimajoto chake ndani ya soksi, akamwambia kwa upole kwamba tumefanya kazi nzuri mno.

*

Uamuzi wa pili ulisomwa Jumanne. Kata ya Lyamoko ilikuwa imekunjwa. Watoto wa shule yake ya msingi waliothibitika kuwa na sauti safi wasingepelekwa Bondeni. Mkoa, kwa huruma yake, ungewapeleka kwenye kituo salama kuliko vyote. Lori lingewasili Alhamisi wakati wa paredi, na lango letu lingejifungua lenyewe taa ikiwa kijani.

Wasichana walianza kujadili nani atalala na nani. Mimi nilikwenda ofisi ya walimu bila kuitwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Madamu alikuwa na simu mkononi. Alikuwa amepiga Mkoani kuomba wasitume watoto, bila kusema sababu. Upande wa pili lilipokea Sikio. Likamwambia kwa adabu zote kwamba maoni ya kituo hupokelewa kupitia sauti za kituo, na kwamba sauti za kituo chake ni safi, likauliza kama ana jambo jingine. Akapiga tena, likapokea tena.

"Tukisema ukweli," akasema, "Enelika na Jeska wanachukuliwa, na Fidea atatafutwa. Watatu kwa pamoja ni nyekundu. Nyinyi nyote mnapakiwa."

Nikamuuliza tusiposema je.

Aligeukia dirishani. Nje, wasichana walikuwa wakifagia bweni tupu la Kilimanjaro na kupanga vitanda vya watoto, na mmoja alikuwa anaimba. Bweni hilo liliachwa tupu kwa sababu Fidea na Jeska walilala humo.

Nikasema tunahitaji sauti moja tu ya kuchakacha. Moja ni njano. Lango linafungwa, lori haliingii, kituo hakikunjwi. Anachukuliwa mtu mmoja. Na huyo mtu, nikasema, si lazima awe mgonjwa.

Madamu alinielewa haraka, maana alinifundisha miaka sita. Kwanza akataka awe yeye. Nikamkumbusha kwamba msimamizi akichakacha bila mwalimu mwingine wa kushika nafasi yake, kituo hakina mwenyewe na kinakunjwa siku hiyohiyo, sheria aliyotusomea yeye. Akataka kujua kama naweza kweli. Nikamchakachia sentensi nzima, ile ya mchanga chini ya mlango, ambayo nilikuwa nimeisikia kwa Enelika mpaka nikaiota. Madamu akarudi nyuma hatua moja na kujifunika mdomo kwa kanga. Sikuwahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo katika kazi yangu.

"Ukiondoka," akasema, "nani atawajibia hawa?"

Nilimwangalia tu. Alichelewa kuelewa, halafu akaelewa, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeambiwa avue viatu hadharani.

*

Somo lilifanyika Jumatano nyuma ya bwalo, mwalimu akiwa mimi. Namna Madamu alivyosimama, mikono nyuma, ilinipa raha ambayo sitaifafanua.

Sauti ya Jeska aliipata upesi. Ya Fidea pia, ingawa baada ya kuipata alikwenda kusimama kando kwa muda akiangalia ukuta. Ya Enelika ilimshinda. Kila mara neno lilitoka limenyooka, limepigwa pasi, limechomekewa.

"Usilitoe kama mwalimu, Madamu," nikamwambia. "Wewe unajua kwamba upo. Enelika hana uhakika."

Akajaribu tena. Nikamwambia arudie. Akaniambia nisimzoee, nikasema sawa, arudie. Aliendelea mpaka akachoka, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kunisimulia jinsi Enelika alivyoletwa kidato cha kwanza na babu yake, amebeba sanduku la bati kubwa kuliko yeye, na alipoitwa jina mara ya kwanza aligeuka nyuma kutazama nani anaitwa. Halafu, bila kujiandaa, Madamu akalisema neno.

Nywele zikanisimama. Nilimpa alama sabini na tano, nikamwambia ana nafasi ya kuboresha.

Jioni nilikwenda ghalani. Enelika alikuwa amevuka homa ya pili. Aliweza kukaa, na kwenye mnong'ono wake kulikuwa na kitu chembamba kama sauti inayorudi kutoka mbali. Nilimweleza mpango kama mzaha uliopikwa vizuri. Bondeni nitafika, nitafungua mdomo, nitaongea kwa sauti yangu safi kabisa, wataona wamebeba mtu mzima na watanirudisha kwa aibu. Nitakula chakula chao mara moja nikilinganishe na cha hapa.

Akauliza ni nani aliyewahi kurudishwa. Nikasema labda hakuna aliyewahi kuwaomba vizuri.

"Sema kitu," akanong'ona. "Kwa sauti yako."

Nikamwigiza Madamu akikagua vyoo.

"Yako, Tuli."

Nikamwigiza fundi wa Sikio. Akanyanyua mkono na kunipiga kibao chepesi cha shavu, kama alivyokuwa akifanya nikimchelewesha kwenda bwaloni. Koo lilikuwa linaniwasha. Nikalilaumu zoezi, maana nilikuwa nachakacha tangu jana yake.

*

Lori lilifika kabla ya paredi, likasimama nje ya lango. Juu ya turubai kulikuwa na umande. Watoto walikuwa wamekaa wakitazamana, kimya kabisa, wengine wamefungiwa vibuyu vya maji shingoni. Mmoja alikuwa na kofia ya sufu ya mtu mzima iliyomfika mdomoni, akawa anaisukuma juu ili atuone.

Madamu alimfuata dereva kwenye nondo za lango na kumsalimia, kamwene, naye akaitikia kamwene. Akamwambia kwa sauti ya chini asiwashushe, hapa si salama. Dereva alikuwa mzee mwenye macho mekundu ya kutolala. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaonyesha taa kwa kidevu.

"Mwalimu, kijani ni kijani," akasema. "Nisipowashusha hapa, niwashushe wapi?"

Madamu akarudi mstarini, akasimama mbele yetu, mgongo wake ukielekea kwenye mlingoti.

Sikio likaanza. Majina yakapita. Likamwita Enelika Nyalusi. Nilihesabu pumzi yangu moja, na neno likatoka mbele, chini ya kanga ya Madamu, likivutwa mwishoni, likiwa halina uhakika. Taa haikuyumba. Fidea akapita. Jeska akapita. Wasichana walisimama wima kama walivyofundishwa, na hakuna aliyegeuza shingo.

"Tulizo Mbwilo."

Nilikuwa nimejiandaa kuchakacha vizuri kuliko mgonjwa yeyote aliyewahi kusimama pale. Nikafungua mdomo. Kumbe haikuhitaji juhudi.

Taa ikawa njano. Vyuma vya lango vikajibana kwa mlio ambao niliusikia mpaka kwenye meno. Kipaza kikatoa maelekezo: lori liende kituo kinachofuata kwa usafi, Mtitu. Dereva alibaki ameshika usukani akitutazama, si kwa hasira, ila kama mtu anayejumlisha kitu na kukosa jibu. Halafu akageuza. Mtoto mwenye kofia alinipungia mkono. Nilimpungia pia.

Wasichana waliokuwa karibu nami walikuwa wamesogea, kila mmoja upande wake. Walifanya sawa. Nilisimama peke yangu na blanketi langu nikijiambia kwamba nimefaulu, kwamba watoto wako njiani kwenda mahali penye sauti safi. Kisha nikaanza kuwaza juu ya hizo sauti safi za Mtitu. Sikujua kama huko nako kuna mtu kama mimi.

Madamu alikuja karibu kuliko ilivyoruhusiwa. Alisema neno moja tu, "Mwanangu," na kunifunga kanga yake shingoni.

*

Gari la Bondeni halina dirisha. Baada ya kona ya kwanza nikaona nijaribu sauti yangu, ile safi, niliyoitunza kwa ajili ya mzaha wa mwisho. Nikasema "Nipo." Kikatoka kitu kama jani kavu linaloburutwa. Nikameza mate, nikajaribu tena. Nikamjaribu Enelika, nikamjaribu Madamu, nikawajaribu wote watano wa zamani. Walikuwa wamekwenda wote, na mimi nimekwenda nao.

Bondeni palikuwa ghala la pamba zamani. Watu wamelala kwa safu juu ya mikeka, na katikati umesimama mlingoti kama wa kwetu, ila faneli lake ni dogo, halina haja ya kusikia mbali. Hapa kila mtu anachakacha, hivyo Sikio halitafuti mchakacho. Linatafuta waliobaki. Mama wa mkeka wa jirani yangu alinieleza utaratibu kwa kunong'ona, akipumzika kila baada ya maneno mawili. Ukiitwa ukajibu, unapewa kopo la maji. Ukikaa kimya unahesabiwa umekwisha, na kopo lako anapewa jirani yako. Ndiyo maana, akasema, huku watu hutazamana sana asubuhi.

Jirani yangu upande mmoja alikuwa ukuta. Upande wa pili alikuwa yeye. Midomo yake ilikuwa imepasuka hadi damu.

Asubuhi homa ilikuwa imenipanda, na sauti ilikuwa imekwisha yote. Nikasikia Sikio likija safu kwa safu. Likamwita mama, naye akajibu. Likaniita mimi. Nikafungua mdomo ikatoka pumzi. Likasubiri. Mhudumu mwenye ndoo, amevaa nailoni mwili mzima, akasimama kati ya mikeka yetu, kopo tayari limeinamia upande wa mama.

"Nipo," mama akasema, kwa pua, akiwa ameelekeza uso kwangu.

Kitaaluma, ulikuwa uigizaji mbovu kuliko wote niliowahi kuusikia. Hakuwa na sauti yangu, hakuwahi kuisikia, alinipa sauti ya msichana wa miaka saba anayetumwa dukani. Sikio likapokea. Kopo likanyooka, likamiminwa kwenye kikombe changu cha bati, na mhudumu akapita.

Mama alinisaidia kunyanyua kichwa. Nikanywa maji ambayo yangekuwa yake. Alipoona ninavyomkodolea macho akatabasamu kidogo, kwa kujivuna, akaniambia nisishangae, kazi hiyo anaijua. Kwao walikuwa wakijibiana hivyo tangu masika, karibu nusu ya kata. Yeye alimjibia mume wake mpaka mwenyewe akachakacha, akakamatwa njiani akitafuta dawa, na kwao wakabaki wakimjibia. Na taa yao haikuwahi kutoka kijani.

Nilishika mkono wake. Nilitaka kumuuliza kwao ni wapi, lakini sikuwa na cha kuulizia, na yeye alidhani nina kiu, akaniinamishia bati tena.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Sisi wa Mtitu hatumwachi mtu."